Difu ya LSD kwenye Patrol la zamani: nilifurahi kelele imeisha, kumbe ndiyo ilikuwa inakata roho

#1 Mzee wa Viazi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aruke mpaka kwenye habari ya jeki.

Nina Nissan Patrol Y61 la 1999, injini TD42, gia za mkono, na difu ya nyuma (gia za katikati ya eksili zinazogawa nguvu kwa matairi) ni ya LSD, yaani inayozuia tairi moja lisikimbie peke yake. Linafanya kazi Makete, mashamba ya viazi na mara mojamoja mbao. Nililinunua kwa mtu aliyekuwa anazunguka nalo mjini tu, na tangu siku ya kwanza lilikuwa na tabia moja. Ukikata kona kali polepole, tuseme unageuza sheli au unaingia getini, nyuma kunalia grrr-grrr-grrr na bodi inatetemeka kama mtu anayeburuta meza ya mninga kwenye sakafu ya saruji. Ukinyoosha usukani, kimya.

Fundi wa kwanza akasema difu imekufa, tununue nzima. Wa pili akasema dawa ni oili nzito, tuweke 140, kelele itatulia. Nikamwamini wa pili kwa sababu ya bei, sitawadanganya. Akamwaga ya zamani, akajaza 140 ya kawaida. Kelele ikazidi. Nikamrudia, akaniambia "itazoea". Na kweli ikazoea! Mwaka wa kwanza ikapungua, wa pili ikaisha kabisa. Yule fundi nilimsifu kila kijiwe nilichokaa.

Mwezi wa tatu mwaka huu, mvua ikiwa imekolea, nikanasa kwenye kipande cha udongo mwekundu ambacho nimekipita miaka yote. Hapu za mbele nimefunga ili matairi ya mbele nayo yavute, nimeingiza 4L, ile 4x4 ya gia nzito. Nyuma kushoto linazunguka kama feni, nyuma kulia limetulia kama halipo kwenye gari. Mbele nako ni lile la kulia tu linalozunguka. Kirikuu chenye magunia ya viazi kikatupita pembeni, dereva akapiga honi. Trekta ndiyo ilinitoa, saa nne baadaye.

Jumapili yake nyumbani, uwanja wangu una mteremko mdogo sana, maji tu ndiyo yanauona. Nikavuta handbreki, nikainua tairi la nyuma kushoto kwa jeki nitoe matope kwenye breki. Gia niliacha huru. Tairi lilipoachana na ardhi, gari likaanza kurudi nyuma, na lile tairi la hewani likawa linazunguka kwenda MBELE. Handbreki iko juu! Jeki ikalala, gari likashuka. Mkono ulikuwa nje, Mungu mkubwa. Uwanja ni uleule na jeki ni ileile niliyotumia miaka yote, na halijawahi kufanya hivyo.

Difu na handbreki zimekufa pamoja, au nina ugonjwa mmoja?

#2 Pinioni Mzee

Pole mkuu, na usirudie. Patrol hilo handbreki yake haishiki matairi. Dramu yake iko nyuma ya boksi la 4x4, inashika propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu ya nyuma. Ukiinua tairi moja la nyuma, propela imeshikwa sawa, lakini difu bado ina ruhusa ya kuzungusha tairi moja mbele na jingine nyuma. Gari linaondoka na wewe uko chini. Handbreki yako ni nzima. Siku zote lililokuwa linasaidia gari lisitoke ni LSD, na LSD haipo tena. Hata ikiwa mpya usiitegemee kwa kazi hiyo: weka mawe mbele na nyuma ya tairi lililobaki chini.

Sasa sikiliza habari ya kelele, maana hapo ndipo ulipotapeliwa bila mtu kukutapeli.

LSD ya Patrol ni ya pleti. Ndani ya kikombe cha difu, kila upande, pleti zimepangwa kama chapati: moja ina meno ya ndani inashika gia ya shafti, inayofuata ina masikio ya nje inashika kikombe, na mpangilio unaendelea hivyo. Springi inazibana muda wote. Ukikanyaga mafuta, vigia vya katikati vinasukuma pete mbili zipanuke na kuzibana zaidi. Tairi moja likitaka kukimbia peke yake, pleti zinamburuta na mwenzake.

Kwenye kona tairi la nje lazima lizidi la ndani, kwa hiyo pleti lazima zisuguane. Kwenye oili yenye dawa ya LSD zinateleza taratibu, husikii kitu. Kwenye 140 tupu zinashika, zinaachia, zinashika, zinaachia. Hiyo ndiyo grrr yako. Siku unanunua gari pleti zilikuwa hai, oili ndiyo haikuwa yake. Fundi wa kwanza alitaka kuzika mgonjwa mzima, wa pili akamwacha asagike mpaka akanyamaza.

Pima kabla ya kufungua. Watu wengi huinua matairi yote mawili ya nyuma, gia huru, wanazungusha moja kwa mkono na kuangalia la pili. Likienda kinyume, LSD haipo au imekwisha. Likifuata upande uleule wanashangilia, lakini springi iliyochoka nusu nayo inaweza kulifanya lifuate. Unahitaji namba.

Inua tairi MOJA, la pili libaki chini na mawe pande zote, gia huru, boksi la 4x4 huru, handbreki shusha. Toa tairi. Tafuta chuma bapa cha zaidi ya mita moja, toboa matundu mawili yaingie kwenye stadi za tairi, funga kwa nati. Pima mita moja kamili kutoka katikati ya hapu, weka alama. Wewe ni mtu wa viazi, mzani wa kuning'iniza unao. Simamisha chuma wima, vuta kwa mzani kwenda pembeni, usivute kwenda chini maana uzito wa chuma utakudanganya. Soma kilo pale kinapoanza kuzunguka. Kilo kumi kwenye mita moja ni kilo-mita kumi. Rudisha majibu hapa.

Na kamwe usiwashe injini ukaingiza gia tairi moja likiwa hewani. LSD ikiwa na uhai kidogo tu, la chini litasukuma gari litoke kwenye jeki.

#3 Tope Halina Baba

Mambo mengi ya nini? Chomelea difu, vigia vya katikati vyote welding, matairi yanazunguka pamoja milele. Nina Hilux nimefanya hivyo, sinasi popote.

#4 Pinioni Mzee

Hilux yako inaishia shambani mkuu. Mwenzako anashuka na mzigo mpaka Njombe kwenye lami. Difu iliyochomelewa kila kona inaburuta tairi, inakula mpira, na siku moja shafti inakatika. Lami ikiwa na maji, nyuma inaweza kukutangulia. Tumalize na mzani kwanza.

#5 Mzee wa Viazi

Nimepima. Mzani wangu ni ule wa magunia, namba za chini hauzioni vizuri, nikaazima wa muuza nyama. Nimevuta mara tano. Kilo mbili na nusu, mbili na robo, mbili na nusu, mbili na nusu, tatu kasoro. Muuza nyama alisimama pale muda wote anaangalia mzani wake.

#6 Pinioni Mzee

Imekwisha. Hapo gurudumu likiteleza kwenye tope halidai nguvu, kwa hiyo zile pete hazipati cha kuzipanua, anayebaki kazini ni springi peke yake. Springi yako inabana kilo mbili na nusu. Unaendesha difu ya kawaida yenye jina kubwa.

Swali: matairi ya nyuma yote ni saizi moja?

#7 Mzee wa Viazi

...

Kulia 265/75R16, kushoto 265/70R16. La kulia lilipasuka mwaka juzi, nikafunga la akiba lililokuja na gari. Nilisema nitabadili wiki ileile.

#8 Pinioni Mzee

Piga hesabu. Kipenyo cha 265/70R16 ni kama milimita 777, cha 265/75R16 ni kama 804. Kila kilomita moja, hata barabara ikiwa imenyooka kama rula, tairi dogo linazunguka mara 14 hivi zaidi ya kubwa. Pleti zako hazijawahi kupumzika tangu mwaka juzi. Gari lilikuwa linakata kona muda wote, hata Makambako kwenda Iringa. Weka na 140 juu yake, ndiyo umekamilisha mazishi.

#9 Mama Ksheni

Fundi unatukana watu kistaarabu sana 😂

#10 Subaru ya Nakuru

Niaje wazee. Mimi nina Forester ya turbo, nyuma pia wanasema ni LSD. Hii yangu nayo nitapima na mzani wa nyama? Ikiinuliwa magurudumu yote mawili, nikizungusha moja, lingine linarudi kinyume.

#11 Pinioni Mzee

Ya kwako si ya pleti za kubanwa, ndugu wa Nakuru. Forester nyingi za namna hiyo zina mkebe uliofungwa wenye silikoni nzito, na visahani vyembamba vinazunguka ndani yake. Ukizungusha polepole haina ubishi, inaanza kushika pale tofauti ya mwendo inapokuwa kubwa, kwa hiyo mkono wako utakudanganya. Mkebe ukichoka haufunguliwi, unabadilishwa mzima. Usimpe mtu hela akuambie atakuwekea pleti, hakuna pa kuziweka. Na hapo tuachie uzi wa mzee, fungua wa kwako nitakuja.

#12 Baharia wa Matrah

Assalaam alaykum. Mimi nipo Maskati, asili yangu Unguja. Huku Patrol ndiyo ngamia wetu, na mchanga wa Wahiba hauna huruma na difu mbovu. Ndugu yangu, ukitafuta vipuri, pleti mpya zapatikana huku, na Wadi Kabir nitakupitia mwenyewe nikienda kazini. Lakini usije ukashawishika na difu nzima ya mtumba kabla hujahesabu meno. Patrol hizi zina hesabu tofauti: krauni (gia kubwa ya difu) ya meno 37 kwa pinioni (gia ndogo inayoizungusha) ya 9 ni 4.111, ya 35 kwa 8 ni 4.375. Ya nyuma ikitofautiana na ya mbele, siku utakayoingiza 4x4 kwenye ardhi kavu na ngumu kitu kitapasuka. Jirani yangu alivunja boksi zima kwa hilo.

#13 Mzee wa Viazi

Waalaykum salaam, shukrani sana bwana. Nabaki na krauni na pinioni zangu, nabadili pleti tu. Nimekutumia ujumbe pembeni.

#14 Mzee wa Viazi

Wakuu, siku ya kufungua. Nilifanya mwenyewe na kijana wa jirani, Pinioni Mzee akiwa kwenye simu.

Kitu cha kwanza alichonikataza ni kugusa nati ya kumwagia. Anza na ya kujazia, akasema, maana ukimwaga halafu ya kujazia ikagoma kufunguka, una gari lisilo na oili na lisilojazika. Yangu ilikuwa imegoma kweli. Bomba la mita moja kwenye spana, na kijana akaning'inia.

Oili ikatoka kama uji wa ulezi uliolala. Nikaikusanya kwenye beseni, nikapitisha sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio. Ilirudi na tope la kijivu laini, zito kama grisi, na unyuzi mmoja wa chuma. Tope laini ni la kawaida, pleti zinasagika. Ukikuta vipande vyenye kona, au jino, hapo habari ni ya krauni na beringi, siyo ya pleti.

Matairi, kalipa, disiki za breki, halafu nati nne mwisho wa eksili kila upande. Shafti huhitaji kuitoa yote, ivute kiasi cha kuachana na gia za difu. Propela piga alama ya rangi kabla ya kufungua ili irudi ilivyokuwa. Kichwa cha difu kinatokea kwa mbele, nati zinakizunguka, gasketi ikiachia kinakuja mzimamzima. Weka jeki chini yake. Nilidhani nitakibeba. Kijana alicheka mpaka akakaa chini.

Juu ya gunia safi, kabla ya kulegeza chochote, tulipima uchezaji wa krauni (nafasi kati ya meno yake na ya pinioni) kwa geji ya saa yenye mguu wa sumaku, ya kuazima kwa fundi wa kukereza. Milimita 0.17. Tukaandika ukutani kwa chaki. Vifuniko vya beringi tukapiga alama kwa sumbe, kushoto nukta moja na kulia mbili, maana kila kifuniko kilichongwa kikiwa mahali pake na ukivibadilisha hakuna kitakachokaa sawa. Pinioni hatukuigusa kabisa, kwa hiyo ile bomba yake ya kubonyea hatukuhitaji mpya.

Halafu kikombe. Kina nusu mbili, nazo tulizipiga alama. Kuzitenganisha ndipo nikaona chapati za Pinioni Mzee. Kila moja niliyoitoa nilipiga picha na kuipanga kwenye ubao kwa mpangilio wake, upande wa krauni peke yake, upande wa pili peke yake. Picha thelathini na kitu. Msicheke, mtaona faida yake.

Pleti nzima ina rangi ya kijivu isiyong'aa, na ukipitisha ukucha unasikia mikwaruzo midogo. Zangu zilikuwa nyororo kama sufuria iliyosuguliwa kwa jivu, mbili zina madoa ya bluu ya moto. Namna ya kupima uchakavu ni nzuri sana, haihitaji kujua unene wa kiwandani: sikio la pleti halisuguliwi, uso ndio unasuguliwa. Pima sikio, pima uso, toa. Kitabu cha Nissan kinataka tofauti isizidi milimita 0.1. Moja ya zangu, sikio 1.51, uso 1.27. Nyingine zote zilikuwa kwenye 0.2 na kitu. Ukijumlisha safu nzima, springi haina cha kubana.

Na kipumulio cha difu! Kile kibomba cha juu ya eksili kilikuwa kimezibwa na udongo mgumu. Nyigu amejenga humo. Difu ikipata moto hewa haina pa kutokea, inasukuma oili kwenye sili za shafti. Mwaka mzima nilikuwa nalaumu sili za bei rahisi.

#15 Tope Halina Baba

Mimi ningeongeza shimu za chuma kwenye pleti hizohizo, zikabana, nikasepa.

#16 Pinioni Mzee

Hilo sasa si la kijinga. Pleti zikiwa bado na uso mzuri na upungufu ni mdogo, kujaza unene kunarudisha mbano na watu wanafanya. Za mzee zimeungua bluu na zimekuwa kioo. Utabana kioo kwa kioo.

#17 Mzee wa Viazi

Mzigo kutoka Maskati umefika, umepitia Dar kwa ndugu yake Baharia hapo Kariakoo, ukapanda basi. Bwana huyu hakutaka hata shilingi juu ya bei ya dukani.

Pleti mpya nilizilaza usiku mzima kwenye ndoo yenye oili ya LSD, GL-5, 85W-90. Usizifunge kavu, mwendo wa kwanza zitaungua kabla oili haijaingia katikati.

Nikafunga kikombe. Pinioni Mzee akasema pima juu ya meza kabla hujarudisha garini: shafti moja kwenye jiriwa, kikombe juu yake kikiwa huru kuzunguka, zungusha upande wa pili kwa chuma na mzani. Nikapata kilo nne.

Pleti mpya kabisa, kilo nne! Nilikaa kwenye ndoo kama nusu saa nikiangalia beseni. Nikapiga simu, akaniuliza neno moja: "Sahani?" Kuna sahani ya springi kwenye kila safu, imebonyea kidogo kama kifuniko cha sufuria, huioni mpaka uilaze kwenye kioo. Nikafungua tena, nikafungua na picha. Upande wa krauni niliigeuza. Ilikuwa imelala badala ya kusukuma. Picha namba 22 ndiyo iliyoniokoa, ukiikuza unaona kivuli cha mbonyeo.

Nikafunga mara ya pili: kilo kumi na moja.

Kurudisha krauni, uchezaji tuliupata kwa zile nati kubwa za pembeni za kusogezea, legeza moja kidogo, kaza ya pili kiasi kilekile. Tukaishia 0.15. Kisha rangi nyekundu ya kuzuia kutu tuliyoichanganya na grisi, tukapaka meno machache ya krauni, tukazungusha pinioni mkono ukizuia krauni. Doa likakaa katikati ya jino, halijapanda kileleni wala kuzama kwenye shina. Pinioni Mzee alitaka picha ya doa kabla hajaniruhusu kula.

Gasketi mpya, sili mbili za shafti, kipumulio nikakifunga mpira mrefu mpaka juu karibu na mdomo wa kujazia dizeli, nyigu atafute kiwanja kingine. Oili unajaza mpaka inaanza kutiririka tunduni, gari likiwa limekaa sawa.

Na matairi mawili ya nyuma, 265/70R16 yote, pacha.

#18 Mama Ksheni

Gharama mzee?

#19 Mzee wa Viazi

Pleti na sahani za springi na usafiri wake 430,000. Oili 120,000, nimenunua ya kubadili mara mbili. Sili, gasketi na makorokoro 65,000. Geji na mikromita za kuazima, nimemrudishia fundi wa kukereza gunia la viazi. Matairi siyataji, mke wangu anasoma humu.

#20 Mzee wa Viazi

Majaribio. Nilikwenda uwanja wa mpira wa shule jioni, gia ya kwanza, nikachora namba nane. Kumi na tano. Lengo ni pleti zisuguane kushoto na kulia zikiwa na oili mpya mpaka zizoeane. Watoto walikaa kwenye mstari wa goli wakihesabu kwa sauti, wakidhani mzee amechanganyikiwa. Namba nane tatu za kwanza lilikuwa linalia kidogo, baadaye likanyamaza. Baada ya kilomita elfu moja nikamwaga oili, nikajaza mpya.

Ijumaa nilirudi kwenye kile kipande cha udongo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Nyuma kushoto likaanza kuteleza, nikasikia mgongoni kulia linashika, gari likajivuta upande kidogo kama ng'ombe anayetoka kwenye dimbwi, likatoka. 4H tu, ile 4x4 ya gia za kawaida, sikugusa 4L.

#21 Kijana wa Hilux

Hongera mzee. Ila siku ikikataa, vuta handbreki kidogo huku unakanyaga mafuta, tairi linaloteleza linakabwa, nguvu inahamia upande wa pili. Mimi natumia kila siku.

#22 Pinioni Mzee

Kwenye Hilux yako sawa, handbreki yako iko kwenye matairi. Yeye akivuta handbreki anakaba propela, anakaba matairi yote mawili, anaungua dramu bure. Patrol tumia breki ya mguu. Mguu wa kushoto kwenye breki kidogo sana, wa kulia kwenye mafuta, taratibu. Tairi linaloteleza likipata kizuizi, pete zinapata cha kusukuma, pleti zinabanwa. Inafaa zaidi pale tairi moja linaponing'inia hewani, maana hapo springi peke yake haitoshi hata ikiwa mpya.

#23 Baharia wa Matrah

Alhamdulillahi. Zile pleti kuukuu usizitupe, nitumie picha ya ile yenye doa la bluu, kuna mtu hapa anabisha nami.

#24 Mzee wa Viazi

Nimekutumia bwana.

Swali la mwisho, fundi. Jana naingia getini na mama watoto pembeni, usukani umekatwa wote, nikasikia grr moja, ndogo, mara moja tu. Akanigeukia: "Si ulisema umetengeneza?"

#25 Pinioni Mzee

Asubuhi difu ikiwa ya baridi au mchana?

#26 Mzee wa Viazi

Saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya Makete unaijua.

#27 Pinioni Mzee

Iache hivyohivyo. Ikianza kulia na mchana, ongeza nusu chupa ya dawa ya LSD. Ikinyamaza kabisa, chukua mzani wa muuza nyama.